Mtaa wa Lorimer Wakataa Kusinyaa

Jua liliingia jikoni kwa Verdell Mayhew asubuhi ya Jumanne, mwezi wa tatu, likatua juu ya beseni la sukuma wiki alilokuwa akiliosha. Verdell aliacha kuosha. Tangu ahamie Mtaa wa Lorimer akiwa bibi harusi, jua halikuwahi kulifikia beseni lile kabla ya adhuhuri, kwa sababu nyumba ya jirani, ya akina Gaddis, ilisimama upande wa mashariki na ilikuwa ndefu. Akajifuta mikono kwenye aproni, akafungua mlango wa nyuma, akatoka kwenda kutazama.

Nyumba ya akina Gaddis ilikuwa imepungua. Haikubomoka wala haikuinama. Ghorofa zake mbili zilikuwepo, na baraza la mbele, na dohani, na madirisha yaliyozibwa kwa mbao. Ila kila kitu kilikuwa kidogo kuliko kilivyokuwa theluji ilipoanza kuanguka. Mlango wa mbele, ambao Lonnie Gaddis aliwahi kuupitishia jokofu bila kulilaza, sasa ulimfikia Verdell kwenye nyusi. Msingi wa mawe haukupungua, kwa hiyo nyumba ilikaa katikati yake kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

"Imesinyaa," alisema Verdell.

Ng'ambo ya barabara, Mzee Zygmunt Kulik alikuwa akikwangua barafu kwenye ngazi zake.

"Mzee Kulik! Umeiona hii?"

"Tangu Jumamosi."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema, ungeniambia nimelewa."

"Ulikuwa umelewa?"

"Kidogo. Lakini nilipoamka nyumba ilikuwa bado imesinyaa."

Verdell na Kulik walijuana tangu kiwanda cha chuma kilipokuwa kinatoa moshi usiku na mchana. Kulik alifanya kazi chini, kwenye tanuri. Verdell alikuwa mwanamke wa kwanza kuendesha kreni katika kiwanda kile. Kwa miaka mingi alipitisha sufuria la chuma kilichoyeyuka juu ya kichwa cha Kulik bila kumdondoshea hata tone, jambo ambalo hakuacha kumkumbusha kila walipogombana. Na waligombana sana: juu ya ua wa michongoma, juu ya besiboli, juu ya ni nani aliyepaswa kusalimia kwanza. Mume wa Verdell alikuwa amefariki, na mke wa Kulik, Halina, pia, kwa hiyo ugomvi ule haukuwa na wa kuuamua.

Akina Gaddis walikuwa wametolewa vuli iliyopita. Walikuwa wameiweka nyumba rehani ili wabadilishe paa, kwa maneno matamu ya kijana mmoja aliyekuja na tai ya rangi ya waridi, na baada ya muda riba ikapanda kama maji ya mafuriko. Benki ikaitwaa nyumba. Askari wa mahakama walipokuja, waliyapanga makochi kwenye majani, mbele ya macho ya watu, na mvua ikayanyeshea. Charisse Gaddis hakulia. Alirudi ndani na ufagio, akafagia vyumba vyote, akapiga deki jiko.

"Unamfagilia nani, mwanangu?" Verdell alimwuliza.

"Sitaki waseme watu wa Lorimer ni wachafu, Bi Verdell."

Kisha akakabidhi funguo, isipokuwa mmoja alioutia sidiriani, akaondoka na mumewe kwenda Akron, kwenye chumba cha chini ya ardhi nyumbani kwa wifi yake.

Hawakuwa wao peke yao. Mwaka ule, Ohio nzima, benki zilikuwa zikikusanya nyumba kama mtu anayeokota mapera yaliyoanguka, na kama mtu huyo, nyingi ziliwaozea mkononi. Mtaa wa Lorimer ulikuwa na mapengo kila upande. Nyumba ya akina Petrakis ilikuwa imefikia kimo cha banda la gari. Ya kwenye kona, iliyotangulia zote kuachwa tupu, ilipungua mpaka wezi waliokuja kung'oa mabomba ya shaba wakaona hakuna haja ya kung'oa. Waliinyanyua nyumba yote, wakaitia nyuma ya pikapu, wakaenda zao. Benki haikuulizia.

*

Ofisa wa majengo wa jiji, bwana mmoja mwembamba aitwaye Alcott Pell, alifika na kopo la rangi nyekundu. Kazi yake ilikuwa kupiga alama ya X kwenye mlango wa kila nyumba iliyopangiwa kubomolewa. Alipofika kwa akina Gaddis, mlango ulikuwa mdogo mno, na X ikamwagikia ukutani.

Verdell alimtazama kutoka barazani kwake.

"Unaibomolea nini?"

"Nyumba tupu huharibu mtaa, mama. Wezi huingia, moto huingia. Nyumba ya jirani inakosa mnunuzi, na jirani naye anahama. Ni kama jino bovu."

"Sawa. Ukishaling'oa jino utaacha nini?"

"Majani."

"Yatakatwa na nani?"

Bwana Pell alifunika kopo lake la rangi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na tingatinga na orodha ndefu, na jioni alirudi nyumbani amechoka.

"Bi Mayhew," alisema, "nikipita mtaa huu naona na mimi kwamba nabomoa zaidi kuliko ninavyoponya. Kama unajua dawa nyingine, niambie. Mpaka hapo, tingatinga linakuja baada ya Pasaka."

Verdell hakuijua dawa. Lakini alikuwa ameendesha kreni nusu ya umri wake, na mtu wa kreni huona mzigo uliokaa upande. Siku ile, akiwa anaanua nguo, aliona kwamba nyumba ya akina Gaddis haikuwa imepungua sawasawa. Upande wa mbele, uliotazama barabara kimya, ulikuwa umezama. Upande wa nyuma, ulioelekea dirisha la jiko lake, ulikuwa mrefu zaidi, na paa lote lilikuwa limeinuka huko nyuma kama ng'ombe anayeamka.

Ndani ya jiko la Verdell redio haikuzimwa tangu mumewe afariki. Iliimba, ilihubiri, ilitangaza mechi.

Alimwita Kulik. Kulik akatazama paa, akatazama dirisha la jiko, akakuna shingo.

"Na kwangu mbona hakujapungua?" aliuliza. "Ninaishi peke yangu."

"Wewe unaongea na Halina mchana kutwa."

"Simwongeleshi. Namjibu."

"Vyovyote. Nyumba inasikia."

Basi Verdell akaiweka redio dirishani, akaipandisha sauti. Nyumba ya akina Gaddis ikasimama palepale ilipofikia, haikuongezeka wala kupungua, na watu wa mtaa wakazoea kusikia matokeo ya besiboli tangu kona.

Juma la Pasaka, dada yake Verdell alifariki Alabama. Alikwenda kuzika, akakaa kuwasaidia wafiwa, na kabla ya kuondoka alimwachia Kulik redio. Kulik aliiwasha kwa uaminifu. Lakini upepo wa dhoruba ulikata nyaya za umeme, kampuni ikachelewa kuzirudisha, na Lorimer ikakaa kimya kwa siku nyingi. Verdell aliporudi na sanduku lake, Kulik alikuwa amesimama kwenye kiwanja cha akina Gaddis, kofia mkononi.

Katikati ya msingi wa mawe kulikuwa na nyumba ya ghorofa mbili yenye ukubwa wa kasha la mkate.

"Nilikaa chini mbele yake nikaiongelesha," Kulik alisema. "Lakini sina mengi ya kusema, Verdell. Maneno yangu yaliisha Alhamisi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwomba msamaha tangu wajuane, ingawa neno lenyewe hakulitamka. Verdell hakumtania. Aliinama, akapitisha mikono chini ya nyumba, akainyanyua. Ilikuwa nzito kama mtoto aliyelala. Akaingia nayo kwake, akaiweka kwenye meza ya chakula, juu ya kitambaa cheupe kinachotandikwa Krismasi.

Tingatinga lilipofika, dereva alikuta msingi mtupu. Bwana Pell akaja kugonga mlango wa Verdell.

"Nyumba iko wapi?"

"Mezani."

Bwana Pell aliingia, akaitazama, akachuchumaa kuona ndani kupitia dirisha dogo. Alama yake ya X ilikuwa imepungua pamoja na mlango, imekuwa kama alama ya mtoto anayejifunza hesabu.

"Amri inasema ibomolewe."

"Inasema ibomolewe kwenye kiwanja chake. Hiki si kiwanja chake. Hiki ni chumba changu cha kulia. Utakunywa kahawa?"

Alikunywa kahawa. Alipoaga, aliandika kwamba hakuona jengo lolote kiwanjani, na hakuwa amesema uongo.

*

Charisse alipiga simu kutoka Akron.

"Bi Verdell, kuna nini kwenye nyumba?"

"Kwa nini unauliza?"

"Ufunguo wangu umekuwa kama punje ya mchele. Nimeutia kwenye kichupa cha dawa nisiupoteze. Lonnie anasema nimechanganyikiwa."

"Mwambie Lonnie aache ujinga. Nyumba yenu ninayo hapa, nimeiweka karibu na bakuli la sukari."

Halafu Charisse akasema, "Bado kuna ule mchirizi wa rangi ya kijani ngazini? Niliumwaga mimi, nikiwa na mimba."

Verdell akainama na tochi, akachungulia.

"Upo."

Hapo ndipo Charisse alipolia, yeye ambaye hakulia mvua ilipoyanyeshea makochi yake. Verdell aliisogeza simu karibu na mlango mdogo, akaiacha hapo, nyumba isikie. Asubuhi alipoipima kwa kiganja, ilikuwa imeongezeka upana wa kidole.

Alikaa mbele ya kahawa yake mpaka ikapoa. Kisha akavaa kofia ya kanisani, ile ya manyoya ya bluu, akaifunga nyumba kwa shuka, akaipakata, akapanda basi kwenda kwenye baraza la jiji. Kulik alikwenda naye, amevaa suti aliyomzikia Halina.

Baraza lilikuwa likijadili mitaa iliyoachwa tupu. Mwenyekiti, Diwani Jerusha Tate, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alimpa Verdell nafasi. Verdell akaifungua shuka na kuiweka nyumba juu ya meza ya mashahidi.

"Hii ndiyo nyumba yenyewe?" aliuliza diwani.

"Ndiyo."

"Iandikwe kwamba nyumba imehudhuria," diwani alimwambia karani.

Wakili wa benki alikuwepo. Alisimama, akaliheshimu baraza, akasema kwamba mteja wake anasikitika. Aliongeza kwamba kwa kuwa nyumba imepungua kiasi kile, mteja wake angeomba na kodi ya jiji ipunguzwe kwa kiasi hichohicho. Hakucheka. Alisema hivyo kama mtu anayeuliza saa.

"Mna funguo zake?" Verdell alimwuliza.

"Ziko makao makuu, nadhani."

"Kuna mtu wenu amewahi kuingia ndani?"

"Si utaratibu wetu."

Verdell akaligeukia baraza. Hakuwa mzungumzaji wa majukwaani, ila sauti yake ilizoea kushindana na mitambo.

"Waheshimiwa, mimi naitwa Verdell Mayhew. Mtaa wa Lorimer tulioujenga ni watu wa chuma. Madaraja mnayopita kwenda makwenu, chuma chake kilipita mikononi mwangu. Sijaja kuomba sadaka. Mnatuletea tingatinga, mnasema ndiyo dawa. Nyumba haiugui kwa sababu ni mbovu; inaugua kwa sababu haina mtu. Mliowatoa wako Akron, wanalala chini ya ardhi. Wasimamisheni wenye benki wasitoe watu wengine kabla hawajakaa nao chini wakazungumza. Na hizi zilizokwisha kuwa tupu, kama mwenyewe haonekani, tupeni sisi funguo. Tutazikalia. Tutapika humo, tutagombana humo. Mtaona."

"Mtagombana?" aliuliza diwani.

"Huyu hapa ni Mzee Kulik," Verdell alijibu. "Wa kugombana naye ninaye."

Watu walicheka, na kwa kicheko kile nyumba ikatoa mlio mdogo wa mbao, ikasukuma glasi ya maji ya karani pembeni. Karani akaisogeza glasi. Bwana Pell, aliyeketi safu ya nyuma, alisimama bila kuitwa, akasema kwamba kwa maoni yake kazi ya kubomoa ingeweza kungoja.

Sheria ilipita kabla ya joto la kiangazi. Ilikuwa fupi. Ilisema nyumba tupu ambayo mwenyewe hajitokezi kuitunza, jiji litachukua ufunguo wake na kuwapa majirani. Kuhusu benki kukaa chini na watu kabla ya kuwatoa, baraza liliandika kwamba linazisihi benki zifanye hivyo. Verdell aliisoma sehemu hiyo mara mbili.

"Wanazisihi," alisema.

"Kusihi ni bora kuliko kimya," alisema Kulik.

"Na wewe wa kusema hivyo, uliyeishiwa maneno Alhamisi."

*

Kiangazi kile Mtaa wa Lorimer ulikuwa na kelele kuliko siku za kiwanda. Kwaya ya kanisa la Verdell ilihamishia mazoezi katika nyumba ya akina Petrakis. Mwanzoni waimbaji waliingia watatu watatu, wengine wakiimbia madirishani. Kufikia mwezi wa saba waliingia wote, na sauti nzito wakapata ghorofa ya juu. Wajane wa Kipolandi walichukua nyumba iliyofuata, wakakaa humo kukanda pierogi, maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, na kuwasengenya wakwe zao. Wanaume waliokosa kazi walicheza karata katika nyumba ya nne. Kulik alipewa nyumba nyembamba ya kijani ng'ambo ya pili, na kwa kuwa maneno humwishia, alikwenda na kodiani. Alipiga vibaya mno. Nyumba ile ilirudi kimo chake kabla ya zote.

"Imekua kwa hofu," alisema Verdell.

"Imekua kwa sanaa."

"Inataka ikufikie mdomoni, ikuzibe."

Nyumba ya akina Gaddis ilirudishwa kwenye msingi wake wa mawe. Watu wa mtaa waliizunguka na viti, wakaichomea kambare na mkate wa mahindi, wakaifunika kwa turubai mvua iliponyesha. Ilitoka kasha la mkate ikawa kasha la jokofu, ikawa kibanda. Lakini hapo ikagoma. Kwaya iliiimbia, Kulik aliipigia kodiani, wapi.

"Inataka watu wake," alisema Verdell, akampigia Charisse.

Walikuja Jumapili, Charisse na Lonnie, katika gari lao lenye mlango mmoja wa rangi tofauti. Lonnie alikuwa mtu mkubwa, fundi wa magari, na tangu kutolewa alikuwa amezoea kutazama chini. Alikaa kwenye majani mbele ya nyumba yake iliyomfikia kifuani na hakusema kitu. Charisse aliongea. Aliiambia nyumba habari za Akron, za wifi yake mbahili wa maji ya moto. Nyumba ikatulia tu. Kisha akamgeukia mumewe.

"Sema neno, Lonnie."

"Niseme nini?"

"Lolote. Hujasema neno tangu Oktoba."

"Nikisema, utasema ni mimi niliyetia sahihi."

"Ni wewe uliyetia sahihi!"

"Paa lilikuwa linavuja juu ya kitanda cha marehemu mama yako! Ulinitazama, Charisse. Kila mvua iliponyesha ulinitazama. Yule kijana alikuja na kalamu, nikasema ngoja nami nifanye jambo kwa ajili ya nyumba hii."

"Ungeniuliza!"

"Niliona haya kukuuliza."

Majirani walitazama viatu vyao. Nyuma ya Lonnie, mbao zilipiga mlio, baraza likasogea mbele, na dohani likapanda juu ya tawi la mti wa maple.

"Mimi nilidhani hukujali," alisema Charisse, sauti imeshuka. "Ulipobeba makochi hukusema kitu. Nilidhani kwako ni mbao tu."

"Nilipofika Akron," alisema Lonnie, "kwa siku nyingi nilikuwa nikiamka natafuta swichi ya taa upande wa kushoto. Kule iko kulia."

Aliugeukia mlango. Ulikuwa sasa unamfikia kidevuni. Akainama, akaingia, na kutoka nje wakasikia mkono wake ukipapasa ukuta wa kushoto. Charisse akamfuata. Kulik aliinua kodiani, Verdell akamshika mkono.

"Siyo sasa, mzee."

Walikaa wote barazani kwa Verdell mpaka jua likashuka, wakaitazama nyumba ikijinyoosha, polepole, kama mtu anayetoka kitandani baada ya homa. Lonnie na Charisse walibaki ndani. Wajane walileta pierogi. Bwana Pell, aliyepita kuona kama ni kweli, alipewa sahani na akaambiwa akae. Verdell aliutazama mtaa wake toka kona hadi kona, kila paa mahali pake, kila baraza lina mtu, na kifua chake kikajaa kama alivyozoea kujisikia zamani, juu kule, mzigo ukiwa umening'inia sawasawa na watu wote wa chini wakiwa salama.

*

Akina Gaddis walirudi kuishi kabla ya majani kuanza kuanguka. Nyumba haikufika kimo chake cha zamani. Ilibaki pungufu kidogo, na Lonnie alijifunza kuinama kila alipopita mlangoni.

Aliyekuja baadaye alikuwa bwana mpole mwenye miwani. Alitoka jimbo lingine, kwa kampuni iliyonunua nyumba nyingi kutoka kwa benki kwa mkupuo, wakati zikiwa ndogo, bila kuziona. Alikuwa na hati. Alizunguka nyumba ya akina Gaddis, akagusa ukuta, akasifu.

"Imetunzwa vizuri sana," alisema.

"Tumeikuza sisi," alisema Charisse.

"Naona. Mmefanya kazi nzuri."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Kisha akaeleza masharti ya kupanga. Sheria ya funguo ilihusu nyumba ambazo mwenyewe hajitokezi, na mwenyewe alikuwa amejitokeza. Bwana Pell alikwenda kuuliza kwa Diwani Tate, akarudi kofia mkononi, akasema sheria haikufika huko.

"Sheria ina miguu mifupi," alisema Kulik.

Lonnie na Charisse walitia sahihi safari hii wakiwa wawili, baada ya kusoma kila mstari kwa sauti, mara mbili, mezani kwa Verdell. Wakawa wapangaji katika nyumba walimozalia watoto wao, ambao sasa walikuwa na makwao. Wajane wakafungasha mabeseni yao ya unga wakarudi makwao, kwaya ikarudi kanisani, na katika nyumba zile wakaingia watu wa kupanga, baadhi yao wale wale waliotolewa. Bwana mwenye miwani alipigilia kibao cha kampuni yake barazani kwa kila mmoja. Verdell hakumwamkia. Lakini alipopita barabarani na kuona pazia katika kila dirisha, alitembea kichwa juu, polepole, kama mtu anayekagua gwaride lake.

"Tumewatajirisha," Kulik alimwambia siku moja.

"Tumewatajirisha, ndiyo. Ila ukiniuliza kama ningerudia, ningerudia leo. Wao wana hati. Mtaa ni wetu."

"Hiyo haimo kwenye karatasi yoyote."

"Najua haimo."

Siku ya pili ya Novemba walikuja wanawake watatu kutoka Mtaa wa Fenton, nyuma ya reli. Hawakuwa wanajuana na Verdell. Walisimama barazani na makoti yao, na yule mkubwa wao akasema kwao nyumba saba zimeanza, moja imeshafika kimo cha gari. Jiji limewapa funguo. Hawakujua waanzie wapi.

Verdell hakuwauliza mengi. Alivaa koti, akamwita Kulik, akamwambia kodiani aiache kwanza. Walivuka reli kwa miguu, upepo wa ziwa ukiwapiga mgongoni. Watu wa Fenton walikuwa wamesimama barabarani, mikono mifukoni, wakiitazama ile nyumba ndogo ya rangi ya maziwa kama watu wanaomtazama mgonjwa wasiyejua jina lake.

"Ya nani hii?" Verdell aliuliza.

"Ya Bi Ottoline Crump," alijibu mmoja. "Alipelekwa kwa mwanawe Toledo."

Mlango ulimfikia Verdell kiunoni. Akapiga magoti kwenye majani yaliyoganda, akaukunja mkono, akagonga.

"Hodi, nyumbani kwa Bi Ottoline!"

Alisubiri kidogo, kama adabu inavyotaka. Hakuna aliyeitika. Basi akajiitikia mwenyewe, "Karibu," akainamisha kichwa, akaingia.